Bima ililipa kukata ziwa, la kuvaa wanasema ni urembo. Barua niiandikeje?

MamaWaBaiskeli (Tanga), Jumatatu, saa 3 usiku

Habari za saa hizi wana jukwaa. Naomba msinicheke mpaka mfike mwisho. Mkifika, chekeni.

Nina miaka 46, nakaa Chuda, ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo hapa bandarini Tanga. Bima yetu ya afya tumekatiwa na mwajiri kwa kampuni binafsi, jina silitaji maana bado nawahitaji. Mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, nilikuwa naoga kabla ya kufuturu nikashika kitu kigumu kama punje ya ubuyu kwenye ziwa la kushoto. Ikawa saratani. Sitawachosha na safari nzima: hospitali ya Bombo, picha, sindano ya kuchukua kinyama, rufaa ya Dar, upasuaji, kemo mara sita, kisha mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road huku nikilala kwa wifi yangu Temeke. Nasema haki ya Mungu, bima ililipa. Hata vidonge ninavyomeza mpaka leo wanalipa. Shida imeanza nilipoomba ziwa la kuvaa.

Wengi hamjawahi kuliona. Ni la silikoni, umbo kama tone la maji, nyuma limebonyea kidogo likae kifuani, na ukiliweka kiganjani lina uzito wa embe dodo. Linaingia kwenye sidiria yenye mfuko kwa ndani. Nililionyeshwa la mgonjwa mwenzangu kliniki, nikalishika, nikalirudisha haraka kama niliyekutwa na cha mtu. Bei niliyopewa na duka la vifaa tiba Dar ni laki tatu na themanini, sidiria za mfuko mbali.

Nikapeleka maombi pamoja na barua ya daktari. Baada ya siku kumi na moja jibu likaja, si kwangu, kwa afisa utumishi wetu. Mstari mmoja: kifaa kilichoombwa ni cha urembo, hakimo kwenye mafao. Afisa utumishi mwenyewe kijana wa kiume, alinisomea akiwa amesimama mlangoni kwake huku macho yako kwenye kalenda ya ukutani.

Sasa niwaambie ninavyoishi. Mimi ni mtu wa matiti makubwa tangu usichana, marehemu mama akisema nimeyachukua kwa shangazi. Kulia lipo, kushoto ni bapa. Ukivaa sidiria hivyo, upande mtupu unapanda mpaka kwenye mtulinga na upande mzima unavuta chini. Jioni shingo haigeuki. Basi nilichukua soksi ya shule ya mwanangu, nikaenda nayo dukani kwa Mpemba, nikamwambia anipimie choroko humo humo. Hakuuliza. Mizani iliposoma gramu 450 nikapiga fundo, nikaishona ndani ya sidiria. Ilifaa, wallahi. Nikasimama sawa.

Kazini naenda kwa baiskeli, kwa Tanga hilo si la kushangaza mtu. Mwezi wa Mei mvua ya masika ikanikuta pale Mkwakwani, nikafika nyumbani nimelowa chapachapa. Sidiria nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, Jumamosi sikutoka. Jumapili jioni binti yangu ananiita: "Mama, sidiria yako imeota." Nikaenda. Vimea vyeupe vimechomoza kwenye matundu ya soksi, vina vichwa vya kijani. Mama mkwe alikuwa mkekani anachambua mchicha, akatazama, akasema, "Hili linazaa kuliko lile la kwanza." Tulicheka mpaka mimi nikaanza kulia, na nikishaanza siku hizi huwa sijui pa kusimamia.

Kinachoniuma ni hiki. Kuna mwenzetu wa gatini, sukari ilimla mguu, wakamkata chini ya goti. Bima hii hii, kadi ya rangi hii hii, ililipia mguu bandia. Hakuna aliyemwambia mguu ni urembo. Na mimi walilipa kisu, pengo lililoachwa na kisu ndilo hawalijui?

Maswali yangu: barua ya kupinga naiandikia nani, na niseme nini ili isisomeke kama ya kuomba sadaka? Yupo aliyewahi kupata?

---

FundiBarabaraYaNane, Jumatatu, saa 3:40 usiku

Shoga, choroko! Choroko ni mbegu mwaya, ulitegemea nini?

Mimi nashona Ngamiani mwaka wa kumi na saba huu. Sidiria za mfuko nimeshawashonea kina mama wanne, watatu wako hai alhamdulillahi. Huhitaji ya kununua Dar. Leta sidiria yako ya kawaida yenye mkanda mpana, nakutilia kitambaa cha pamba laini kwa ndani, natoboa upande wa kwapani pa kuingizia. Ndani tia pamba ya mto, na kwa chini, penye uzito, tia chubwi zile za nyavu. Mume wangu mvuvi, ninazo kopo zima. Barua yako siijui, hiyo waachie waliosoma.

---

MzeeWaMadai, Jumatatu, saa 4:15 usiku

Pole sana binti yangu, na hongera kwa kufika hapo ulipofika. Nimekaa dawati la madai kwenye kampuni za bima miaka 19 kabla ya kustaafu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naandika hiyo mistari mmoja mmoja. Nisamehe kwa niaba ya niliowaandikia.

Nikwambie lilivyo. Dai likifika, anayelishika mara nyingi si daktari. Ni kijana mwenye orodha kwenye kompyuta. Anatafuta jina la kifaa. Asipolikuta anatafuta linalofanana nalo. "Ziwa la bandia" likiandikwa hivyo tu, linalofanana nalo kwenye orodha yake ni upasuaji wa kuongeza matiti, na huo umekatazwa kila mkataba niliowahi kuusoma. Anabonyeza "urembo", anakwenda kunywa chai. Hana ubaya na wewe. Hajui kuna kitu kinaitwa hivyo kinachovaliwa nje ya mwili na kuvuliwa usiku.

Kwa hiyo kabla ya barua nataka unitafutie vitu viwili.

Kwanza kijitabu cha mafao mlichopewa na mwajiri. Soma kurasa mbili tu, ya vifaa saidizi na ile ya mwisho mwisho ya yasiyolipiwa. Uniandikie hapa maneno yalivyo, neno kwa neno, usinieleze kwa ufupi. Mguu wa huyo mwenzenu haukulipwa kwa huruma, ulilipwa kwa kifungu. Nataka kukijua hicho kifungu kinasemaje.

Pili barua ya daktari. Ilisemaje?

Halafu ujue na hili: mkataba si wako, ni wa mwajiri wako. Yeye ndiye anayelipa na ndiye anayeogopwa. Barua yako ipitie kwake, aweke barua ya juu yenye mhuri wake. Na mkataba wa kikundi huwa wa mwaka mmoja mmoja. Zinapobaki kama miezi miwili uishe, kampuni ya bima inakuja na tabasamu. Hapo mwajiri akisema "safari hii tuandikieni ziwa la kuvaa ndani ya mafao", wataandika, kwani mtalihitaji wangapi? Dai la laki nne halimfilisi mtu. Kinachowatisha ni kufungua mlango wasioujua upana wake.

---

MamaWaBaiskeli, Jumatatu, saa 4:50 usiku

Mzee shikamoo, na ahsante. Kijitabu ninacho, kilikuwa chini ya magodoro. Ukurasa wa 9, nanakili: "Viungo bandia vya nje, magongo, viti vya magurudumu na kola za shingo, kwa agizo la daktari bingwa, hadi kikomo cha mwaka." Kikomo ni milioni moja na nusu.

Ukurasa wa 14, yasiyolipiwa: "Matibabu na upasuaji wa urembo, isipokuwa pale unapotokana na ajali au ugonjwa unaolipiwa na mkataba huu."

Barua ya daktari inasema: "Mgonjwa anahitaji titi bandia." Basi. Chini saini.

---

MzeeWaMadai, Jumatatu, saa 5:05 usiku

Binti yangu, kalale vizuri. Umeshika karata zote mbili na wao hawajui.

"Viungo bandia vya nje." Hawakuandika mguu wala mkono. "Isipokuwa pale unapotokana na ugonjwa unaolipiwa." Saratani yako waliilipia kuanzia kisu mpaka mionzi, risiti wanazo wao wenyewe. Hata tukiwakubalia kuwa ni urembo, na hatuwakubalii, ukurasa wao wa 14 unasema wanalipa.

Kesho rudi kwa daktari.

---

Nahodha_wa_Tongoni, Jumanne, saa 1 asubuhi

Dada, pole kwa ugonjwa, nasema bila ubaya. Fuko la bima ni la wote. Kuna watu wanasafishwa figo mara tatu kwa wiki, kuna watoto wanazaliwa na matundu ya moyo. Kila mtu akidai cha kumfanya apendeze, fuko litakauka. Mama yangu mdogo alikatwa kama wewe, akajifunga kanga, akaishi miaka kumi na mbili. Si bora hizo laki nne akatibiwe mtu anayekufa?

---

MamaWaBaiskeli, Jumanne, saa 7 mchana

Kaka Nahodha, nimekusoma nikiwa kazini nikajizuia mpaka wakati wa chakula.

Huyo mama yako mdogo, Mungu amrehemu, uliwahi kumuuliza alilalaje? Bega alilibebaje? Mimi mtu wa fiziotherapia alinisimamisha mbele ya kioo akaweka kidole bega la kushoto na kidole bega la kulia. Vidole havikuwa sawa. Kushoto kumepanda, kulia kumezama, na mimi nilikuwa najiona nimesimama wima kabisa. Akasema mwili umezoea kubeba mizigo miwili, umeondolewa mmoja, unapinda kuutafuta. Hapo pa kupendeza umepaona wapi?

Na fuko ninalichangia. Kila mwezi naona makato kwenye karatasi ya mshahara, ninayaandika mimi mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Kwa miezi sita waliyonilipia mazoezi ya shingo na dawa za maumivu, ukijumlisha, wameshapita bei ya ziwa. Hesabu nimeifanya jana usiku. Ukitaka nitakuwekea.

Lakini ngoja nikubali kitu kimoja, maana sipendi uongo. Ndiyo, nataka pia kupendeza. Nataka nivae gauni la harusi ya binti wa dada yangu mwezi wa kumi na mbili pasiwe na mtu anayetafuta kwa macho ni lipi lililokatwa. Wewe ukienda kung'olewa jino la mbele utaweka la bandia, na hutamwambia mtu ni kwa ajili ya kutafunia tu.

---

Nahodha_wa_Tongoni, Jumanne, saa 8 mchana

La jino umenipata, ninalo. Kwa mengine bado sijabadilika, lakini kama mkataba unasema viungo bandia, dai. Maandishi ni maandishi.

---

Nesi_Makorora_Minnesota, Jumanne, saa 5 usiku

Asalaam aleykum watu wa kwetu. Mimi mtoto wa Makorora, niko Marekani mwaka wa 14, nafanya kazi kliniki ya matiti. Nimesoma uzi huu basi likanipitisha kituo.

Kwanza, haraka: Fundi, dada yangu, CHUBWI HAPANA. Zile ni risasi, madini ya risasi ni sumu, na huyu anazivaa kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, na jasho la Tanga juu yake. Zitupe mbali na mambo haya. Tafuta kitu kizito kisicho na sumu wala hakioti.

Pili, mkanda mpana begani ni sahihi sana. Mama, wewe kama ulitolewa tezi za kwapani, mkanda mwembamba unaokata bega unaweza kuchangia mkono kuvimba. Ukiona pete ya upande huo inabana au saa imeacha alama, usingoje. Na kidonda kipya hakivai silikoni. Kwetu kliniki mtu huanza na lile jepesi la kitambaa, baada ya wiki sita mpaka nane ndipo apimwe la silikoni. Wewe umeshavuka huko.

Sasa hili la "urembo". Usidhani ni ushamba wa Tanga. Huku walipitia hayo hayo. Kampuni za bima zililipa kukata na zikakataa kinachofuata. Miaka ya tisini mwanamke mmoja wa Long Island, New York, alikataliwa na bima yake kurudishiwa ziwa kwa upasuaji, wakamwambia si lazima kitabibu. Habari ikamfikia seneta wao, Alfonse D'Amato, akaipeleka Baraza la Seneti. Tarehe 21 Oktoba 1998 Rais Clinton akasaini sheria ya haki za afya na saratani kwa wanawake. Ilivyotengenezwa ndiyo ninayoipenda: haimlazimishi mwenye bima alipie kukata ziwa. Inasema kama unalipia kukata, basi ulipie na kulijenga upya, na kulisawazisha la pili, na la kuvaa, na matatizo yanayofuata, pamoja na mkono kuvimba. Yaani huwezi kuchukua nusu ya kazi. Mama, ulichosema wewe cha kisu na pengo ndicho hicho hicho, na wewe umekiwaza Chuda kwenye baiskeli.

Wazee wa huku wenye bima ya serikali wanapewa la silikoni jipya kila baada ya miaka miwili, la kitambaa au sponji kila miezi sita, kwa agizo la daktari. Si bure kabisa, mgonjwa huchangia asilimia 20, na wapo wanaoshindwa hata hiyo. Australia serikali inarudisha mpaka dola 400 zao kila miaka miwili, wameanza Desemba 2008. Uingereza hospitali za umma zinatoa bure. Haya yaandike kwenye barua kwa sentensi moja tu, usiwahutubie.

Mtanisamehe nimerefusha, ila hili halijulikani: yule mama aliyebuni mwanasesere Barbie, Ruth Handler, alikatwa ziwa mwaka 1970. Akatafuta la kuvaa, yaliyokuwepo hakuyataka, akaanzisha kampuni akatengeneza yake, la kushoto ni la kushoto na la kulia ni la kulia, kama viatu. Mmoja wa waliovalishwa ni Betty Ford, mke wa Rais. Maisha yake yote alikuwa ameuza matiti ya plastiki yasiyo na kasoro, halafu ikawa hivyo.

Swali kwako: barua ya daktari mpya ukiipata, imetaja uzito na bega?

---

FundiBarabaraYaNane, Jumatano, saa 12 asubuhi

Astaghfirullah, risasi ni sumu? Hilo kopo mume wangu huliweka jikoni!

Basi nimepata jibu usiku. SHANGA. Shanga za kioo, zile za kiunoni. Nani hapa hana mikufu ya shanga kwenye kasha aliyopewa na somo wake, haivai tena kiuno kimegoma? Ni nzito, hazioti, zinaoshwa kwa sabuni zikaanikwa. Nimeipima mikufu yangu sita kwa mizani ya kuku: gramu 380. Nazitia kwenye kijifuko cha pamba, kijifuko kinazungukwa na pamba ya mto. Mama wa baiskeli, lete mikufu yako na sidiria Alhamisi. Mume akiuliza shanga ziko wapi mwambie zimepanda ghorofa.

---

MamaWaBaiskeli, Jumatano, saa 2 asubuhi

Nimecheka hadi bosi katoka nje kuangalia. Fundi, Alhamisi nakuja. Ninayo kumi na miwili.

---

BiDunda (Bagamoyo), Jumatano, saa 10 jioni

Mimi niko Bagamoyo, mtaa wa Dunda, nauza samaki wa kukaanga. Nimekatwa yote mawili, miaka sita sasa. Sivai kitu. Nilipewa la sponji na wafadhili waliopita, nikalivaa siku tatu, joto, upele, mjukuu akalichukua akacheza nalo mpira. Nikasema basi. Navaa dera langu, upepo wa bahari unapita mbele mpaka nyuma. Wateja hawajawahi kurudisha samaki kwa sababu hiyo.

Nasema haya kwa sababu humu naona kama kila aliyekatwa ni lazima aweke. Si lazima. Wapo waliosema nimejiachia. Nikawaambia nimejiachia nini, wameondoka na virago vyao.

Lakini barua yako nipe niweke dole gumba. Mimi sitaki, sawa. Binti yangu amebeba matiti ya ukoo wetu huo huo, na yeye ni mtu wa kioo. Akija kuhitaji asijekuanza na soksi.

---

Nesi_Makorora_Minnesota, Jumatano, saa 5 usiku

Bi Dunda umesema kweli na huku wako wengi kama wewe. Binti yako apimwe mapema, usingoje mpaka ashike kitu. Mwambie daktari kuwa mama alipata, aandike kwenye faili.

---

MamaWaBaiskeli, Ijumaa, saa 2 usiku

Wapendwa. Barua ya daktari nimeipata. Nilimpelekea maneno niliyoandika mwenyewe kwenye karatasi, nikaogopa atakasirika. Akasoma, akasema, "Mngekuwa mnaniambia." Akaandika mengine bora kuliko yangu. Yangu ya kwenda kwa bima ni hii, Mzee nipitishie kalamu:

*Meneja wa Madai. YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA KIUNGO BANDIA CHA NJE.*

*Mimi ni mwanachama mwenye kadi namba … kupitia mwajiri wangu. Mlinilipia upasuaji wa kuondoa ziwa la kushoto kwa sababu ya saratani, tibakemikali na mionzi. Nashukuru. Niliomba kiungo bandia cha nje cha kuvaliwa mahali pa ziwa lililoondolewa, mkajibu kuwa ni urembo.*

*Ukurasa wa 9 wa kijitabu chenu mnalipia viungo bandia vya nje kwa agizo la daktari bingwa. Agizo nimeambatisha. Daktari anaeleza kwamba ziwa lililobaki ni zito, bega langu la kushoto limepanda, nina maumivu ya shingo na mgongo wa juu, na kwamba kifaa hiki ni sehemu ya matibabu baada ya upasuaji. Ukurasa wa 14 mnaondoa urembo, isipokuwa unaotokana na ugonjwa mnaoulipia. Ugonjwa huu mmeulipia.*

*Tangu Januari mmelipia fiziotherapia na dawa za maumivu ya shingo, jedwali nimeambatisha. Jumla yake imezidi bei ya kifaa. Nchi kama Marekani, Uingereza na Australia kifaa hiki hugharimiwa kama sehemu ya huduma ya saratani ya matiti.*

*Kwa sasa natumia soksi iliyojazwa choroko. Mwezi Mei ziliota.*

*Naomba mrudie uamuzi wenu na mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14, mkitaja kifungu.*

---

MzeeWaMadai, Ijumaa, saa 3 usiku

Imenyooka. Jedwali la gharama ndilo litakalowauma, kazi nzuri ya mhasibu. Mambo matatu.

"Mkitaja kifungu" iache, hata ukibanwa usiifute. Mtu akilazimika kutaja kifungu, inambidi akisome kwanza.

Ongeza kwamba nakala inakwenda kwa mwajiri. Usitaje bado Mamlaka ya Usimamizi wa Bima wala Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wapo, Sheria ya Bima ya 2009 imewaweka, na wakikukatalia mara ya pili kwa maandishi ndipo unakwenda kwa Msuluhishi na faili lako lote. Ukianza nao barua ya kwanza unaonekana umekuja kugombana, na meneja anaipeleka kwa wakili badala ya kuisoma. Ndiyo maana kila kitu kiwe na mhuri wa kupokelewa na tarehe inayosomeka. Bila tarehe siku 14 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Choroko futa. Hapo unatoka kwenye mkataba unaingia kwenye hadithi.

Na wale mlioko mifuko mingine msione hili haliwahusu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na tangu hapo habari ya mjini ni vitita vya mafao, nini kimo na nini hakimo. Chama chenu cha wafanyakazi, mbunge wenu wa viti maalumu, waulizeni ziwa la kuvaa liko wapi. Kisichotajwa na mtu hakiingii kwenye orodha, nawaambia mimi niliyekuwa natumia hizo orodha.

---

FundiBarabaraYaNane, Ijumaa, saa 3:20 usiku

Mzee shikamoo, mimi nasema choroko zibaki. Hiyo ndiyo sentensi pekee nitakayoikumbuka.

---

BiDunda (Bagamoyo), Ijumaa, saa 3:35 usiku

Zibaki.

---

MamaWaBaiskeli, Jumanne, saa 11 jioni

Nimepeleka leo. Choroko nimezitoa kwenye barua kwa heshima ya Mzee. Lakini picha aliyoipiga binti yangu siku ile, ya sidiria msumarini na vimea vyake, nimeiweka kama kiambatisho namba 5, bila maelezo.

Afisa utumishi aliisoma barua yote akiwa amekaa, safari hii hakuangalia kalenda. Akaniuliza kama ile sehemu ya ukurasa wa 14 ni kweli imeandikwa vile. Nikamfungulia. Akaweka barua yake ya juu na mhuri.

Nimevaa ya shanga ya Fundi, imepimwa gramu 440, inapiga kelele kidogo nikipita kwenye mashimo ya barabara, cha-cha-cha, kama mtu anachekecha mchele. Nimeipenda. Ila kazini huko kwa bima, yule dada wa mapokezi aligonga mhuri nusu nje ya karatasi, tarehe ikatoka mkia tu. Nikamwambia, mwanangu, gonga tena.